Alama Nyuma ya Bega

Shuleni watoto walimwita Mwalimu Bandeji. Mwenyewe alilijua jina hilo, wala halikumkera. Lilitokana na sanduku la dawa alilokuwa akiliweka chini ya meza yake. Mtoto akichubuka goti, mbio kwa Mwalimu Bandeji. Jino likitikisika, kwake. Mtoto akinuniwa na wenzake, kwake tena. Kuna mmoja alifika siku moja akashika kifua na kusema, "Mwalimu, panauma hapa, kwa sababu rafiki yangu amehama dawati." Mwalimu akacheka, akampa kiti na kikombe cha maji.

Alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufundisha lugha. Ya pili ilikuwa ulinzi wa watoto. Mtoto yeyote akipigwa na kuumizwa, akitishwa, au akikosa matunzo, iwe nyumbani au hapo shuleni, Mwalimu Bandeji ndiye wa kuambiwa. Yeye ndiye wa kuhakikisha mtoto huyo anapata msaada. Kazi hiyo ya pili aliifanya kwa miaka kumi na mmoja.

Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo kilichowahi kuwa stoo ya mipira. Ukutani alitundika cheti chake cha mafunzo. Kilikuwa kimeanza kugeuka rangi ya chai.

Asubuhi moja mwalimu mkuu aliingia na barua mkononi.

"Mwalimu, umeitwa. Mafunzo rejea, siku mbili."

"Mafunzo ya nini?"

"Ya ulinzi wa watoto. Ya kukumbushana."

Mwalimu Bandeji alivua miwani. "Mkuu, nikumbushwe nini? Mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu hapa. Mpeleke mmoja wa hawa wapya, ajifunze."

"Barua inasema wazoefu." Mwalimu mkuu akaiweka barua mezani. "Tena neno lenyewe limepigiwa mstari."

Jioni akamweleza mume wake. Mume wake alikuwa fundi umeme, mtu wa maneno machache. Alimsikiliza hadi mwisho huku akimenya chungwa.

"Unajua nilipigwa shoti lini?" akauliza.

"Mwaka juzi. Nusura uniache mjane."

"Haswa. Mwaka wangu wa kumi na tano kazini. Mwaka wa kwanza nilikuwa naogopa hata kubadilisha balbu." Akampa kipande cha chungwa. "Nenda tu. Siku mbili si nyingi."

Akaenda, lakini shingo upande.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa ofisi ya ustawi wa jamii. Kulikuwa na viti vya plastiki na feni moja iliyopiga kelele kuliko ilivyotoa upepo. Walimu walikuwa kama ishirini hivi. Aliyesimama mbele yao alikuwa afisa ustawi wa jamii, mwanamke kijana mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, kama mtu aliyetoka kwenye mafua. Kazi yake ilikuwa kufuatilia watoto walioumizwa na kuhakikisha wako salama.

Afisa aliwaomba waseme wameifanya kazi hiyo kwa muda gani. Mmoja akasema miaka saba. Mwingine tisa. Mwalimu Bandeji akasema kumi na mmoja, akahisi raha kidogo kuitaja. Kisha akasimama mwalimu mmoja mwenye mvi ambaye wenzake walimwita Babu Chaki.

"Mimi kumi na tisa," akasema. "Nimeanza kazi hii wengine humu hawajaota meno."

Ukumbi mzima ukacheka. Afisa naye akacheka.

"Nashukuru," akasema. "Basi sitawafundisha mnachokijua. Sheria mnazijua. Fomu mnazijua. Nataka tuzungumze kuhusu mnachofanya kweli, siku ambayo hakuna anayewatazama."

Asubuhi ilipita. Walizungumzia watoto na simu, na watu wazima wanaojifanya watoto ili wawapate. Hilo lilikuwa jipya, na Mwalimu Bandeji aliandika. Mengine aliona anayajua, akawa anachora maua pembeni mwa daftari lake.

Baada ya chakula cha mchana afisa aligawa karatasi moja moja.

"Hii ni habari ya kutunga," akasema. "Nitaisoma. Mtoto ana miaka kumi. Anamwonyesha mwalimu kidonda kibichi cha kuungua, nyuma ya bega. Mwalimu anauliza. Mtoto anasema ni pasi. Mwalimu anaifahamu sana familia ya mtoto huyo, ni watu wazuri. Afanye nini?"

Babu Chaki hakungoja kuitwa. "Namwita mzazi. Tunakaa chini, tunaongea kiutu uzima. Mambo yanakwisha."

Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu Bandeji naye akatikisa.

Afisa hakusema ndiyo wala hapana. "Kidonda kiko wapi?" akauliza.

"Nyuma ya bega," wakajibu.

"Nawaomba kila mmoja ashike kalamu yake. Jifanye unapiga pasi nguo, hivi, mezani. Sasa jichome kwa bahati mbaya, nyuma ya bega."

Walianza kujaribu. Babu Chaki alijipinda mpaka kiti kikalia. Watu wakamcheka. Mmoja aliidondosha kalamu. Kisha vicheko vikapungua, kimoja kimoja, mpaka ikabaki kelele ya feni peke yake.

Mwalimu Bandeji alikuwa amejishika nyuma ya bega lake la kulia, kwa mkono wa kushoto. Kalamu ilifika kwa taabu. Nayo ilikuwa kalamu tu, si pasi ya moto. Mkono wake ulibaki palepale mgongoni.

Alikuwa amemkumbuka Kidoti.

Kidoti alikuwa mtoto wa kike wa darasa la tano. Walimwita hivyo kwa sababu ya alama ndogo nyeusi kidevuni. Baba yake alikwisha kufariki. Mama yake alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi, akamwacha kwa shangazi yake, dada wa baba. Shangazi huyo alikuwa fundi wa cherehani. Sare za shule zote alishona yeye. Mtu wa kucheka na kila mtu, mtu wa kujitolea. Hata nguo aliyoivaa Mwalimu Bandeji kwenye harusi ya mdogo wake, aliishona yeye, tena kwa siku tatu.

Miezi mitano kabla ya mafunzo hayo, Kidoti alisimama kwenye mlango wa ofisi wakati wa mapumziko. Hakuingia mara moja.

"Mwalimu, nikikuambia kitu, utasema?"

"Sisemi kwa mtu," Mwalimu Bandeji akajibu. "Niambie, mama."

Mtoto akafungua kifungo kimoja na kulishusha shati kidogo begani. Nyuma ya bega palikuwa na kidonda chekundu, kimechongoka kama ncha ya pasi.

"Umefanya nini hapa?"

Kidoti alikizungusha kifungo cha shati. "Ni pasi," akasema.

"Pasi ya shangazi?"

Akatikisa kichwa kukubali. Akafungua mdomo kama anayetaka kuendelea. Lakini Mwalimu Bandeji alikwisha kuinama chini ya meza kutafuta dawa, huku akisema, "Pole, pole mwanangu, tutapona." Alimpaka dawa. Akamfunga bandeji vizuri kabisa. Kisha akampigia shangazi simu, afike shuleni.

Shangazi alifika dakika hiyohiyo, na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mwenzangu, nimelia siku nzima. Huyu mtoto ni mzembe. Namwambia kila siku, usikae karibu na pasi. Hasikii."

Hapo ndipo Mwalimu Bandeji alipomgeukia Kidoti. Mtoto alikuwa amesimama katikati yao, anatazama sakafu.

"Si ulijichoma mwenyewe, mama?"

"Ndiyo," Kidoti akasema.

Mambo yakaishia hapo. Shangazi na mwalimu wakazungumza kidogo kuhusu sare za muhula ujao. Mwalimu Bandeji hakuandika lolote. Aliona hakuna la kuandika.

Tangu siku ile Kidoti hakurudi tena ofisini. Alianza kuvaa sweta hata jua likiwa kali. Mwalimu Bandeji aliliona sweta hilo, akadhani ni mtindo. Mwalimu wa hesabu aliwahi kumwambia, "Huyu Kidoti siku hizi anasinzia darasani." Akamjibu, "Namjua huyo, ni mtoto wa nyumbani kabisa. Nitaongea na shangazi yake."

Sasa akiwa ukumbini, maneno hayo yote yalimrudia, tena kwa sauti yake mwenyewe.

Mbele, afisa alikuwa akizungumza taratibu.

"Mtoto huyu hakusema amejichoma. Alisema ni pasi. Hilo ndilo alilosema, na hilo ndilo la kuandika. Tukimwita mtu mzima wa nyumbani kwanza, inawezekana tumemwita yuleyule aliyemchoma. Na tukimwuliza mtoto mbele yake, tumeshampa jibu. Atasema nini, akijua atarudi naye nyumbani?"

Babu Chaki hakuwa na mzaha tena. "Lakini kama kweli ni bahati mbaya? Tutakuwa tumewaharibia watu jina."

"Si kazi yako kujua kama ni kweli," afisa akasema. "Hapo ndipo wazoefu tunapokosea. Tunataka kwanza tuhakikishe. Mwalimu kazi yake ni kusikiliza, kuandika na kupeleka siku hiyohiyo. Kuchunguza ni kazi yetu, ofisi ya ustawi pamoja na polisi wa dawati la watoto, wale wanaoshughulikia kesi za watoto. Na daktari, maana daktari anakijua kidonda kuliko mimi na wewe."

Wakati wa mapumziko Mwalimu Bandeji alikwenda kwenye bomba la nje akanawa uso. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Alinawa mara ya pili. Kisha akajikaza, akamfuata afisa aliyekuwa amekaa kwenye benchi ukutani.

"Ile habari yako umeitoa wapi?"

"Nimeitunga, dada yangu. Kwa nini?"

"Mimi nimeifanya. Yote. Mpaka ile ya kumwuliza mbele ya shangazi yake."

Afisa aliweka kikombe chini. Hakumlaumu, wala hakumfariji. Alimwuliza, "Mtoto huyo yuko wapi sasa hivi?"

Mwalimu Bandeji alitazama saa. "Shuleni. Wanatoka saa tisa na nusu." Akasimama. "Nakimbia nikamwulize. Au nimpigie shangazi simu, nimwambie kwamba…"

"Kaa kwanza."

Akakaa.

"Usimhoji mtoto. Alishakuambia mara moja. Akisimulia kila siku kwa mtu mpya, anaumia upya, na maneno yake yanaanza kuchanganyika. Shangazi naye usimpigie. Akishtuka, jioni ya leo mtoto atakuwa naye peke yake. Mpigie mwalimu mkuu, umweleze kwa kifupi. Mwambie ahakikishe mtoto huyo hatoki shuleni mpaka nifike. Awe na mwalimu anayemzoea, asiulizwe kitu, apewe kazi ya kuchora au kitabu."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe utaandika."

Afisa alimpa fomu. Ilikuwa fomu ileile anayoijua, aliyowahi kuwafundisha wenzake kuijaza. Akaandika tarehe kadiri alivyoikumbuka. Akaandika kidonda kilikuwa wapi. Akaandika maneno ya mtoto: Ni pasi. Halafu kalamu ikasimama.

"Niandike na la kwangu?" akauliza.

"La kwako lipi?"

"La kumwita shangazi. La kumwambia mtoto sitasema kwa mtu, halafu nikasema."

"Lisipoandikwa, hatutajua shangazi alikwisha kujua nini, na lini. Mtoto atalisema tu. Ni bora likianza kwako."

Mwalimu Bandeji alifikiria cheti kilichoko ukutani. Alimfikiria mwalimu mkuu akisoma. Kisha akaandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: Nilimwuliza mtoto mbele ya shangazi yake. Nilimpa jibu mdomoni. Sikuandika wala sikupeleka taarifa popote.

Akatia saini.

Afisa alimwachia afisa mwenzake wale walimu, akachukua gari na kwenda shuleni pamoja na askari wa dawati la watoto, mwanamke aliyevaa nguo za kawaida. Mwalimu Bandeji alitaka kwenda nao. Wakamkatalia kwa upole. Akabaki ukumbini, amekaa kama mgonjwa anayengoja majibu.

Babu Chaki alihamisha kiti chake, akaja kukaa karibu naye. Alikuwa ameona fomu.

"Mimi," akasema kwa sauti ya chini, "nimekaa hapa najaribu kuhesabu. Miaka kumi na tisa. Nimewaita wazazi wangapi, nikasema yamekwisha?" Akafuta kiganja chake kwenye suruali. "Nimefika kumi na nne, nikaacha."

Wakageukia mbele. Afisa wa pili alikuwa akieleza jinsi ya kuunganisha mambo madogo. Kwa mfano, sweta la mtoto kwenye jua kali lina mwalimu wake aliyeliona. Usingizi una mwalimu wake. Ukimya una mwingine. Kila mmoja ana kipande chake, na hakuna anayeona nguo nzima. Ndiyo maana kila kipande kiandikwe mahali pamoja. Mwalimu Bandeji aliandika kila neno. Pembeni hakuchora ua hata moja.

Saa kumi na moja jioni simu yake iliita.

"Yuko salama," afisa akasema. "Tumempeleka hospitali na daktari amemwona. Usiku huu atalala kwa bibi yake, mama mzazi wa mama yake. Shangazi anahojiwa."

"Alichomwa na shangazi?"

"Ndivyo anavyosema mtoto. Na daktari anasema alama zinaendana na maneno yake."

"Alama zipi? Kwani kuna nyingine?"

"Ziko nne."

"Nne?"

"Dada yangu, nakuambia kwa sababu utaisoma kwenye ripoti, na nisingependa uisome peke yako. Tatu ni za baada ya siku aliyokuja kwako. Anasema alichomwa kwa sababu ya kusema."

Mwalimu Bandeji alikuwa amesimama kwenye ngazi za ukumbi. Akakaa palepale, kwenye saruji. Watu walimpita kushoto na kulia.

"Alisema lolote kuhusu mimi?" akauliza.

"Alisema, nilimwambia Mwalimu Bandeji, lakini yeye ni rafiki wa shangazi."

Nyumbani hakula. Mume wake alimwona mlangoni tu, akazima redio. Alimsimulia yote bila kulia. Alipofika kwenye zile alama tatu ndipo akalia. Mume wake hakumkumbusha habari ya shoti. Alikaa karibu naye, wakakaa hivyo mpaka uji wa jioni ukapoa jikoni bila mtu kuukumbuka.

Wiki iliyofuata aliweka barua mezani kwa mwalimu mkuu.

"Mkuu, niondoe kwenye kazi ya ulinzi. Sistahili."

Mwalimu mkuu aliisoma barua, kisha akaikunja. "Mimi nami nilikuwa wapi? Miaka kumi na mmoja sijawahi kukuomba hata mara moja unionyeshe faili lako. Nilisema, Mwalimu Bandeji yupo, basi nalala usingizi." Akaivuta kalamu. "Wewe na mimi si wa kujihukumu wenyewe. Tuipeleke ofisi ya elimu, waamue wao."

Ofisi ya elimu ilichunguza kwa mwezi mzima. Wote wawili walipewa onyo la maandishi, na hakuna aliyelipinga. Mwalimu Bandeji aliruhusiwa kuendelea, lakini si peke yake. Mwalimu wa hesabu aliwekwa kuwa mwenzake. Kila taarifa sasa inasomwa na watu wawili, na mwalimu wa ulinzi anayemfahamu mtu aliyetajwa hashughulikii kesi hiyo. Anamwachia mwenzake.

Siku ya kikao cha walimu, Mwalimu Bandeji alisimama mbele ya wenzake. Walidhani atawasomea sheria. Yeye akawaeleza alichofanya, hatua kwa hatua, bila kumtaja mtoto.

"Sikukosa mafunzo," akawaambia. "Nilikosa kuogopa. Nilimwona mtoto, halafu nikamwangalia rafiki yangu, nikaamini ninayemjua. Kuanzia leo mtu yeyote akiona kitu, hata kidogo, sweta, usingizi, mtoto asiyetaka kwenda nyumbani, aniandikie. Msiniambie kwa mdomo tukiwa njiani. Niandikieni. Na nikiwajibu 'namjua huyo,' mnipite, mwende kwa mwenzangu."

Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amekaa nyuma, aliinamisha kichwa. Yeye aliwahi kujibiwa hivyo.

Haukupita muda mrefu. Mtoto mmoja wa kike wa darasa la tatu alichelewa kutoka kwenye kipindi cha lugha. Alikuwa akipanga na kupangua penseli zake.

"Mwalimu, nikikuambia kitu, utasema?"

Mwalimu Bandeji alivuta kiti kidogo akakaa, ili macho yao yawe sawa.

"Nitawaambia watu wachache tu," akasema. "Wale wanaoweza kukusaidia. Na nitakuambia ni akina nani kabla sijawaambia."

Mtoto alifikiri. Alizirudisha penseli zote kwenye mkebe. Mwalimu aliona anaondoka. Alitamani kumwita, kumbembeleza, kumwahidi chochote anachotaka. Hakufanya hivyo. Alikaa tu.

Mtoto alifika mlangoni, akasimama. Kisha akarudi, akasema.

Mwalimu Bandeji alisikiliza bila kumkatiza. Hakuuliza "Si alifanya hivi?" Aliuliza swali moja tu: "Halafu?" Mtoto alipomaliza, alimwambia, "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Akaandika maneno yaleyale ya mtoto, hata yaliyopinda. Mtu aliyetajwa alikuwa muuza matunda ambaye Mwalimu alisalimiana naye kila siku akienda kazini. Basi alimtajia mtoto watu atakaowaambia, kisha akamwita mwalimu wa hesabu, akamkabidhi karatasi, naye akapiga simu kwa afisa. Kabla kengele ya kwenda nyumbani haijalia, mama wa mtoto alikuwa amekwisha kuonana na afisa, na ilikuwa imepangwa mtoto apite njia gani na nani ampokee. Muuza matunda yule hakumgusa tena. Leo mtoto huyo anacheka darasani mpaka anakemewa.

Lakini Mwalimu Bandeji hakupata raha. Alimwomba afisa amruhusu kumwona Kidoti, amwombe radhi. Afisa akasema, "Tutamwuliza mtoto. Akikataa, imetosha." Kidoti alikataa. Baada ya miezi mitatu aliulizwa tena. Safari hii alisema sawa, ila iwe nje, na bibi awepo.

Bibi aliishi mtaa mwingine, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye baraza safi. Mwalimu Bandeji alimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia bila kutabasamu, akamwonyesha kigoda.

Kidoti alitoka, akasimama karibu na bega la bibi yake. Alikuwa amerefuka.

"Nimekuja kukuambia kwamba nilikosea," Mwalimu Bandeji akasema. "Ulifanya sawa kuniambia. Mimi ndiye niliyefanya vibaya. Nilikuahidi jambo, nikalivunja, ukaumizwa. Naomba radhi."

Kidoti alimtazama. "Kwa nini uliniuliza mbele yake?"

Njiani Mwalimu alikuwa ameandaa maneno mengi. Hakuna hata moja lililofaa.

"Kwa sababu nilidhani nawajua watu," akasema. "Na kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu."

Mtoto aliyapima maneno hayo. "Bibi anasema nikusamehe," akasema. "Lakini mimi bado."

"Si lazima, mama."

"Labda hata nikiwa mkubwa itakuwa bado."

"Basi itakuwa bado."

Kidoti akatikisa kichwa, kama wafanyavyo watu waliokubaliana jambo. Akaaga, akaingia ndani. Mwalimu Bandeji na bibi walibaki barazani. Bibi alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, vidole vyake vikienda bila kusimama.

Baada ya muda ikasikika sauti ndani. Ilikuwa ya Kidoti, akisoma kitabu chake cha shule, kwa nguvu, neno baada ya neno. Alipokosea alirudia.

"Siku hizi anasoma kwa sauti," bibi akasema. "Alipokuja hapa alikaa wiki mbili hasemi hata naomba maji."

Mwalimu Bandeji alishukuru, akaaga. Alipofika upande wa pili wa ukuta wa nyumba alisimama, akasikiliza mpaka ukurasa ukaisha. Kisha akaenda zake.